Shangazi, mimi ni teja wa chakula?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, naishi Mbagala, mtoto mmoja. Mchana najizuia: asubuhi chai kavu, kisha maji, jioni kachumbari. Mume akishalala naingia jikoni. Naanza na kipande cha mkate, najikuta nimemaliza mkate, kiporo cha wali na biskuti za mtoto, nimesimama gizani. Halafu najichukia, na mara nyingine najitapisha. Kwenye grupu la kupunguza uzito wananiambia mimi ni teja wa wanga, niache wali, ugali na sukari maisha yangu yote. Nimejaribu, nashindwa. Ni kweli mimi ni teja? Na mume nimwambie? – Mla Gizani*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na kutapika, maana hilo halisubiri. Kujitapisha mara kwa mara hupunguza potasiamu mwilini, na ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika, hata kwa mtu anayeonekana mzima wa afya. Ukisikia moyo unarukaruka, misuli imelegea, kizunguzungu cha kuanguka, au ukaona damu kwenye matapishi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na useme unatapika, la sivyo daktari hatajua apime nini.

Sasa uteja. Wenzako hawajalizua. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitoa dodoso la kupima uraibu wa chakula kwa vigezo vya pombe na dawa za kulevya. Wewe ukilijaza leo nadhani utapata alama za juu, kama wengi wenye tatizo la kula kupindukia. Ila uraibu wa chakula haumo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Kula kupindukia kumo, na bulimia, yaani kufakamia kisha kujitapisha au kujinyima chakula ili kufidia, nayo imo. Lipi lako, hilo la daktari. Mimi nina barua tu.

Nachowalaumu ni dawa waliyokupa. Hebu soma tena barua yako: chai kavu, maji, kachumbari. Kati ya 1944 na 1945 mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana wa kiume 36 waliojitolea, wazima wa mwili na akili, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa miezi sita. Wakawa hawawazi kingine ila chakula. Walilamba sahani, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, baadhi walikula mpaka wakaumwa, na bado wakasema wana njaa. Hakuna aliyeingia mle akiwa teja.

Sisemi biskuti hazina lao. Sukari na mafuta vikikutana, hata aliyeshiba huongeza. Sijasikia mtu anayeamka usiku kufakamia mchicha. Lakini wewe umemaliza na kiporo cha wali, mwanangu. Hiyo ni njaa ya kutwa nzima.

Kwa hiyo toka kwenye hilo grupu, hata kwa muda. Asubuhi kunywa chai kwa kitafunwa cha maana, viazi vitamu au mkate na yai. Mchana ule ugali au wali kwa maharage na mboga. Alasiri ndizi au karanga. Usiku ule na familia, chakula kilekile. Usikae zaidi ya masaa manne bila kula. Ukifakamia usiku mmoja, na itatokea, asubuhi usijiadhibu. Kunywa chai yako kama kawaida. Hapo ndipo wengi hurudi nyuma.

Kisha tafuta tiba ya mazungumzo. Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Ukifika usianze na "nataka kupungua", watakupa karatasi ya mlo urudi nayo nyumbani. Sema: "Nakula usiku nashindwa kuacha, halafu natapika."

Mume mwambie, ila mchana, mkiwa mmetulia. Usimwombe akulinde wala afunge kabati. Ukilindwa utajificha zaidi. Mwombe mle pamoja usiku, na kama ana mizaha ya unene, aiache. Akiwa ni wa kupeleka kila neno kwa mama yake, anza na dada yako.