Mwongoza wageni wa makumbusho: anajitegemea au ameajiriwa?

Ndugu, umeuliza kama mkataba unaomwita mwongoza wageni wa makumbusho "mtoa huduma wa kujitegemea" unatosha kumnyima haki za mwajiriwa. Kwa Tanzania, hautoshi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, endapo lipo hata jambo moja kati ya yaliyotajwa humo, kwa mfano kupangiwa saa za kazi, kupewa vitendea kazi na anayemlipa, au kumfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Fundi anayekodiwa kukarabati mlango mmoja wa kuchonga, kwa zana zake na kwa bei aliyoitaja mwenyewe, huyo kweli anajitegemea. Anayepangwa zamu kila wiki, akavaa sare na kuomba ruhusa anapougua, sioni anajitegemea kwa lipi. Huko London, mwaka 2019, baraza la kazi liliamua kwamba waelimishaji 27 wa jumba la sanaa la National Gallery, waliohesabiwa kuwa wamejiajiri, walikuwa "wafanyakazi" (kwa sheria ya huko, hadhi iliyo kati ya kujiajiri na kuajiriwa) wenye stahili kama likizo ya malipo, ingawa halikuwapa hadhi kamili ya waajiriwa. Ikiwa umeachishwa kazi, tafadhali usikawie: lalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.