Shangazi, tangu siku ile navuka barabara

*Shikamoo Shangazi. Kila asubuhi nikienda kazini napita kituo cha basi. Hapo huketi mzee mmoja aliyekatwa mguu, na hatua chache kutoka kwake mama mwenye mtoto wa miaka minne hivi. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiwapa chenji. Mwezi uliopita, jioni, nikamkuta mzee amelewa chakari, kopo lake limepinduka. Nilipomsimulia mume wangu akacheka: "Ninyi ndio mnaowaharibu. Wasingepewa, wangefanya kazi." Tangu siku ile navuka barabara mapema nisionane nao, lakini moyo hautulii. Hela yangu inawasaidia au inawaharibu?*
*– Mpita Njia*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali moja, ila pale kituoni kuna maswali mawili. Jibu la mzee silo la mtoto.

Nianze na mzee, kwa kuwa ndiye aliyekuudhi. Umeudhika kwa sababu chenji yako ilikuwa na masharti ambayo hukuwahi kumwambia. Uliiweka kwenye kopo, lakini ncha ya uzi ukabaki nayo. Hela ikishatoka mkononi mwako ni yake. Mumeo naye akishapokea mshahara, bosi wake hamfuati nyuma kuangalia anapitia wapi kabla ya kufika nyumbani. (Nami sijauliza anapitia wapi.)

Pili, usijipe ukubwa usio wako. Chenji yako haikumkata mguu wala haikumfundisha kunywa, na ukiizuia hutamponya. Mtu aliyeshikwa na pombe kwa miaka mingi, akiikosa ghafla anaweza kutetemeka, kuanguka kifafa, hata kufa. Ndiyo maana madaktari huwaachisha watu wa hivyo kwa uangalizi. Tiba hiyo haifanywi na mpita njia kwa kubana mkoba. Na hiyo "kazi" ya mumeo, mwulize ni kazi gani na ni nani anayemwajiri mzee wa mguu mmoja asiye na pa kuoga. Kisha aketi chini hapo kituoni saa mbili tu, akiangalia viatu vya watu, atuambie kama huo ni uvivu.

Watu wamewahi kulipima jambo hili. Mwaka 2018 huko Vancouver, Kanada, watu 50 wasio na makazi walipewa kila mmoja dola 7,500 za nchi hiyo kwa mkupuo, bila masharti, wakalinganishwa na wengine 65 ambao hawakupewa. Kwa mwaka mzima, waliopewa walipunguza kwa wastani siku 99 za kuishi bila makazi, na matumizi yao ya pombe na dawa za kulevya hayakupanda. Lakini usikimbilie kumwonyesha mumeo ukishangilia. Wenye ulevi mkubwa walichujwa mapema, kwa hiyo mzee wako huenda asingeingia. Tena hizo zilikuwa fedha za kutosha kulipia kodi ya nyumba. Chenji yako inampitisha leo tu, kesho anaanza upya. Haimkomboi na haimharibu.

Utasema basi bora umnunulie chakula. Hata mimi niliwahi kujiona mjanja hivyo. Nilimnunulia mwombaji mmoja chakula cha mchana, nikamkabidhi nikingoja shukrani. Akanifungulia mfuko uliokuwa kando yake: vifurushi vitatu vya chakula, viwili vimeshapoa, kimoja kimeanza kunuka. "Mama," akaniambia kwa upole kabisa, "wewe ni wa nne tangu asubuhi." Akakunja suruali kunionyesha kidonda kilichofungwa kitambaa kilichokauka damu. Alichokuwa anakitafuta siku nzima ni bandeji. Wanne tulipita pale, kila mmoja akiwa ameshaamua shida yake ni nini, na hakuna aliyemwuliza. Nilirudi nyumbani nimeona aibu, na chakula changu nimekiacha palepale.

Sasa mtoto. Hapa nabadilika, mwanangu.

Mtoto anayeleta hela nyingi kuliko mama yake hatapelekwa shule na mtu yeyote. Yeye ndiye mtaji. Si lazima mama awe mbaya. Huenda hana pa kumwacha. Lakini kila sarafu inayoanguka kwa sababu ya uso wa mtoto ni sababu ya kumrudisha kesho. Na wapo watoto wanaotumwa na watu wazima wasioonekana. Senegal ilipitisha sheria mwaka 2005 ya kukataza kumlazimisha mtu aombe. Miaka mitano baadaye shirika la Human Rights Watch likaeleza habari za wavulana wa huko wanaopangiwa na walimu wao wa madrasa kiasi cha kurudi nacho kila siku, na wasipokifikisha wanapigwa. Sasa ona ugumu wake: ukimpa mtoto wa namna hiyo, umemlipa mpigaji. Usipompa, fimbo ya leo jioni inamwangukia yeye, wala haikuangukii wewe. Anayekuambia jambo hili ni jepesi hajawahi kutazamwa na mtoto kama huyo.

Mimi mtoto simpi fedha mkononi. Hilo haliniruhusu kuondoka zangu. Zungumza na mama yake, tena kwa heshima, usimhoji kama askari. Mwulize mtoto angekaa wapi kama pangekuwepo pa kumweka, na shule inakwama kwa nini. Pengine kinachokwama ni sare, au cheti cha kuzaliwa, na hapo chenji yako ya miezi michache ingefanya kazi ambayo kopo halijaifanya kwa miaka miwili. Ukiona dalili kwamba mtoto si wake, au kuna mtu anakuja kukusanya jioni, usiingilie peke yako. Nenda kwa ofisa wa ustawi wa jamii, useme saa na mahali.

Mzee mpe au usimpe, ni hiari yako, na usipompa hujatenda dhambi. Ninachokukataza ni kuvuka barabara. Miaka miwili mmeonana kila asubuhi, na katika barua yako yote hukumtaja hata kwa jina. Kesho pita njia yako ya zamani. Kama huna kitu, simama umwambie, "Leo sina, mzee. Umeamkaje?" Kisha umsikilize, maana atajibu. Na ukishaongea na yule mama, niandikie tena uniambie mtoto anaitwa nani.