Jibu: Bosi anataka kuona biashara "papo hapo", nianzie wapi?

Ndugu uliyefungua uzi, umeuliza mambo matatu. Bosi wako wa kampuni ya usambazaji ametoka kwenye maonyesho ya programu na sasa anataka dashibodi ya biashara nzima, yaani skrini moja inayoonyesha hali ya kila kitu, nawe hujui ununue mfumo gani. Pili, unauliza kama vikundi vya mafundi wa kompyuta hapa Nairobi vina faida au ni kelele tu. Tatu, televisheni ya ukutani iwe ya inchi ngapi. Kazi hii nimeifanya benki kwanza, na sasa niko kwenye kampuni inayosambazia maduka bidhaa kutoka ghala moja kando ya Barabara ya Mombasa, kwa hiyo mniwie radhi kwa urefu. La televisheni litangoja.

Usinunue kitu kwanza. Najua wauzaji wameshaanza kukupigia. Kufuatilia shughuli za biashara si jambo geni: Gartner, kampuni ya utafiti wa teknolojia, ndio walioipa kazi hiyo jina mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Oracle, IBM na TIBCO wakauza mifumo mizito ya kazi hiyo kwa mabenki na kampuni za simu. Ukiondoa mapambo yote, kinachobaki ni hiki: kila hatua ya biashara inaacha alama (oda imepokelewa, malipo yameingia, mzigo umepakiwa, risiti imetoka), alama hizo zinakusanywa mara tu zinapotokea, na mtu anaambiwa pale zinapokosa kufuatana. Kwa hifadhidata ya PostgreSQL, Grafana ya bure ya kuchora grafu na programu ndogo inayoamka kila dakika, utafika mbali. Kampuni yenye oda elfu chache kwa siku haihitaji Kafka, ule mfumo mzito wa kupitisha ujumbe mwingi kwa mpigo. Nairudia kwa sababu kuna vijana watanivamia hapa chini: haihitaji Kafka.

Kigumu ni kujua uangalie nini. Wengi wetu tumelelewa kuangalia mashine: kichakataji kiko asilimia ngapi, diski imejaa kiasi gani, seva inaitika au haiitiki. Hayo yana kazi yake, lakini hayamwambii mtu kama biashara inaendelea.

Kwetu kulikuwa na Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi ambapo kila kitu kwenye skrini zetu kilikuwa kijani. Aliyegundua kwamba kuna tatizo ni mama mmoja wa uhasibu. Ana printa ndogo ya risiti pembeni ya meza yake, na malipo ya mteja yakiingia kwenye oda, printa inalia na kutoa karatasi. Jioni hiyo printa ilinyamaza. Akapanda ngazi hadi kwetu, akasimama mlangoni: "Nyinyi vijana, mbona leo hakuna anayelipa?" Tukamwonyesha grafu zetu. Akatuambia hajauliza kuhusu grafu.

Wateja walikuwa wanalipa. Cheti cha usalama cha seva inayopokea ujumbe wa kuthibitisha malipo kilikuwa kimekwisha muda mchana ule. Pesa iliingia kwenye Paybill, nambari yetu ya kupokea malipo ya M-Pesa, kama kawaida na mteja akapata SMS yake, ila ujumbe wa kutuambia sisi haukuwa na pa kutua. Kwenye mfumo oda zote zilisomeka "haijalipwa", na ghalani hakuna anayepakia lori la oda isiyolipwa. Seva yenyewe haikuwa na neno. Ilikuwa inangoja ujumbe ambao haungekuja.

Kipimo chetu cha kwanza cha maana kilitokana na maneno ya yule mama: Ijumaa saa kama hizi, lazima kuwe na mtu analipa. Ukiyageuza kuwa SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, ni mistari michache. Hesabu dakika tangu malipo ya mwisho, kisha linganisha na saa hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, katika wiki nne zilizopita. Saa kumi na moja jioni, ukimya wa dakika kumi kwetu ni dharura. Saa tisa usiku watu wamelala. Ukichukua zile wiki nne usitumie wastani. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa uchukue za katikati, kwa sababu wiki moja isiyo ya kawaida itakuvurugia hesabu yote. Na ziondoe sikukuu, la sivyo Madaraka Dei itakuamsha bure.

Kipimo cha pili kwetu ni pesa isiyo na mwenyewe. Ujumbe wa malipo ya Paybill unakuja na nambari ya muamala, saa, kiasi, na ile sehemu ya akaunti ambayo mteja ameiandika mwenyewe. Sehemu hiyo ni msitu. Mwenye duka anaandika jina la duka, mwingine jina la mkewe, mwingine anaweka herufi O badala ya sifuri. Daraja, ile API ya M-Pesa, yaani mlango ambao mfumo wako unaongea nayo, inakuruhusu kuwasha hatua ya uhakiki ili seva yako iulizwe kabla pesa haijapokelewa, ikatae akaunti isiyojulikana. Sisi tuliamua tusiiwashe. Mteja amesimama kaunta, simu mkononi, lori linangoja; ukimkatalia pesa kwa sababu ya herufi moja, kesho atanunua kwa mwingine. Pia ukiiwasha, seva yako lazima iwe macho saa zote, na wakati wa kusajili utaamua mapema kama malipo yapite au yakatwe endapo haitajibu. Wengine hapa mna biashara tofauti, karo za shule kwa mfano, na huko ningeiwasha bila kufikiri mara mbili. Kwetu tunapokea pesa yote, halafu tunafuatilia shilingi ambazo hazijapata oda, hasa umri wa ile iliyokaa muda mrefu zaidi. Idadi peke yake inadanganya. Malipo 30 ya dakika tano zilizopita ni kazi ya kawaida, lakini moja lililokaa tangu jana asubuhi ni mteja aliyekasirika.

Kama mnatumia STK, yaani lile ombi la kuweka PIN linalotokea kwenye simu ya mteja, msirundike yaliyoshindikana mahali pamoja. Jibu linarudi na msimbo: 0 imefaulu, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikufikiwa au mteja hakujibu kwa wakati. Msimbo 1 ukipanda kuelekea tarehe za mwisho wa mwezi, watu wameishiwa, na hakuna fundi wa kutengeneza hilo. Huo 1037 ukiruka ghafla kwa wateja wa kila upande, tazama mtandao. Nao 1032 ukipanda siku mliyotoa toleo jipya la programu, acheni kulaumu watu wa nje: kuna kitu kwenye skrini yenu kinawatisha wateja, pengine kiasi kinachoonyeshwa si kile walichotarajia.

Mawili ya haraka kabla sijasahau. Nambari ya muamala iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, maana ujumbe mmoja ukifika mara mbili utahesabu mauzo mara mbili na bosi atafurahi bure. Na seva nyingi zinatumia saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Siku ya seva inaanza saa tisa usiku wetu, kwa hiyo "mauzo ya leo" bila kurekebisha yatakuwa yamekula kipande cha leo na kukipa jana. Kama una wateja wanaokesha, kama vilabu na vituo vya mafuta, utagombana na wahasibu kila mwezi. Tena, dashibodi isome kutoka kwenye nakala ya hifadhidata, si ile inayopokea oda.

Arifa sasa. Kila arifa iwe na mtu wake na kitendo chake. Ikilia mara kadhaa na hakuna aliyefanya lolote, ifute. Na iandikwe kwa lugha ya anayeipokea. Yetu ya malipo inakwenda kwa mafundi na kwa uhasibu kwa wakati mmoja, nayo inasema: "Malipo hayafiki kwenye oda tangu saa kumi na moja na dakika kumi. Pesa inaingia Paybill. Msimwambie mteja alipe tena, andikeni nambari ya muamala." Hiyo sentensi ya mwisho aliidai yule mama, na imeokoa pesa kuliko kitu chochote nilichoandika kwenye mfumo ule. Kabla ya hapo, mafundi wakihangaika juu, huku chini keshia alikuwa anawaambia wateja walipe tena.

Swali lako la pili. Vikundi vina faida, lakini si ile watu wanayoifuata. Nairobi ina desturi hiyo tangu zamani kidogo. iHub, ukumbi wa watu wa teknolojia, ilipofunguliwa Barabara ya Ngong mwaka 2010, watu walikuwa wanakwenda kwa ajili ya intaneti ya kasi na kuondoka na marafiki wa kazi. Leo mengi yamehamia WhatsApp na Telegram, na ukijiunga leo utakuta nafasi za kazi, memi, na mtu anayeuza laptopu. Vumilia.

Ukiwa peke yako, hujui kama tatizo ni lako au ni la mji mzima. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikazorota karibu Afrika Mashariki yote. Aliyekuwa na dashibodi yake tu aliona huduma zake zinachechemea, akaanza kuwasha na kuzima seva. Aliyeuliza wenzake alipata jibu kutoka kampuni nyingine, mtandao mwingine, mtaa mwingine, na kufahamu kwamba hakuna cha kutengeneza upande wake. Abaki kuwaarifu wateja tu. Hakuna mfumo unaouzwa unaokupa hilo.

Ila uulize vizuri. "Wadau, malipo yanapita kwenu?" itakuletea "ndiyo" tano na "hapana" nne, basi. Kwenye kikundi chetu tulikubaliana mtu aandike huduma gani, tangu saa ngapi, msimbo gani unarudi, mtandao gani anatumia, na mabadiliko aliyoyafanya siku hiyo. Hilo la mwisho watu hulificha, na mara nyingi ndilo jibu. Tukakubaliana pia tupeane uwiano, si kiasi. Ukisema maombi yaliyofaulu yameshuka kutoka tisa kwa kumi hadi sita kwa kumi, umesaidia kila mtu, na mshindani wako hajajua umeuza shilingi ngapi.

Na tafadhali, msibandike kumbukumbu za mfumo zenye majina na nambari za simu za wateja. Nimeona picha za skrini zikirushwa kwenye kikundi cha watu mia kadhaa, jina, simu, kiasi, kila kitu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina kipengele cha "nilikuwa naomba msaada". Data ya wateja ikivuja na kuna hatari ya kuwadhuru, kampuni ina saa 72 tangu kujua ili kumwarifu Kamishna wa Data. Futa kwanza, bandika baadaye.

Jambo moja usilichukue kikundini: viwango vya watu wengine. Kuna mwenzetu wa mfumo wa karo aliyenakili dakika kumi zetu za ukimya jinsi zilivyo. Shule zikafungwa, simu yake ikalia likizo nzima. Chukua mbinu, namba zitoe kwenye biashara yako.

Kwa hiyo kabla ya Jumatatu, kaa na bosi wako bila laptopu umuulize kitu kimoja: ni jambo gani likitokea usiku angetaka kuamshwa? Akitaja matano, mwombe achague mawili. Halafu shuka uhasibu na ghalani uulize hilo hilo. Majibu hayatafanana, na yale ya ghalani ndiyo ningeanza nayo.

Televisheni: inchi 43 zinatosha. Msiiweke chumba cha mafundi wala mapokezi ambako wageni watasoma mauzo yenu. Iwekeni uhasibu, nambari nne tu, herufi kubwa. Na kama wana printa ya risiti inayolia, msiiondoe. Ukiniambia mnatumia hifadhidata gani na malipo yanaingia kwa Paybill au Till (nambari ya M-Pesa ambayo mteja haandiki akaunti), nitakuandikia ile SQL ya ukimya hapa hapa.