Usiiuze skrapu: nilivyoifufua mashine ya vyombo ya mwaka 1984

Juzi dada mmoja wa Arua, hapa hapa Uganda, ameniandikia. Mama mkwe wake ameacha nyumba, na jikoni mna mashine ya kuosha vyombo ya zamani iliyofunikwa turubai miaka mingi. Fundi amekuja, ameigonga ubavuni kwa ngumi mara mbili, akasema, "Hii ni skrapu, mama. Nikutafutie mtu wa kupima kilo." Dada anauliza: niuze au nisiuze?

Usiuze. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa mimi, na kwa wiki nzima niliyaamini.

Nilizaliwa Busia, mpakani, nikaolewa Jinja. Miaka 11 nimeuza chakula karibu na soko: posho, wali, maharage, samaki wa mchuzi wa karanga. Anayeuza chakula anaosha vyombo, na akirudi nyumbani anakuta vya nyumbani vinamngoja. Mikono yangu ilianza kupasuka katikati ya vidole. Ikatoa maji, ikakauka, ikapasuka tena. Usiku nilikuwa nalala nimeifunga vitambaa vya mafuta. Daktari aliniambia niache kuilowesha kwenye sabuni. Nikamwuliza, na vyombo ataosha nani? Akaniandikia mafuta mengine.

Basi kulikuwa na familia ya wamisionari iliyokuwa inahama, ikauza vitu vya nyumba. Mashine niliiona stoo, chini ya magunia matupu ya mahindi. Ya Kijerumani, nzito kama jiwe la kusagia, na kitabu chake cha maelekezo kimechapwa 1984. Nilitoa shilingi 180,000, pesa ya karamu ya Idd ile. Siku tulipoishusha kwenye pikapu, wifi yangu alisema mbele ya wageni, "Mwanamke wa kuoshewa sahani na umeme, kaka yangu kamwoa wa nini?" Watu walicheka. Mume wangu alinyamaza. Nimesamehe, lakini sitawadanganya kwamba nimesahau.

Nilipotulia nilianza kusoma. Nikakuta kwamba mashine hii, katika umbo lake la kufanya kazi kweli, ilibuniwa na mwanamke, Josephine Cochrane wa Shelbyville, Illinois, Marekani. Mumewe alifariki 1883 akamwachia madeni. Tarehe 28 Desemba 1886 mjane huyo akapewa hataza, yaani hati ya haki ya mbunifu, kwa mashine yake, ambayo badala ya kusugua kwa brashi ilirushia sahani maji yenye nguvu zikiwa zimepangwa kwenye waya. Mwaka 1893 akaipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Wanunuzi wake wakubwa walikuwa hoteli na mikahawa, watu wenye vyombo vingi kama mimi. Nimewahi kumsimulia wifi habari hiyo. Uvivu uko wapi hapo?

Sasa matengenezo. Fundi wa kwanza alichukua pampu ya kutolea maji "akaipime kwake" na malipo ya awali shilingi 70,000. Sijamwona tena. Nilikwenda mara tatu kwenye kibanda chake nikakuta kufuli. Hiyo pampu iliniuma kuliko pesa, maana ya kufanana nayo ilinichukua wiki sita kuipata. Tangu hapo hakuna kifaa kinachotoka nyumbani kwangu. Fundi aje na vifaa vyake, nami nikae pale pale nikitazama.

Wa pili alikuwa mzee fundi wa friji kutoka Walukuba, na huyo nitamshukuru mpaka naingia kaburini. Hakuigonga mashine ngumi. Alitoa mita mfukoni, akaketi kwenye kigoda, akaanza kupima waya mmoja baada ya mwingine huku anaandika kwenye daftari la shule. Alipima siku mbili bila kufungua skrubu hata moja na bila maneno mengi, tofauti na wengine. Mwisho akaniambia, "Mama, mashine yako haijafa. Ina magonjwa manne."

La kwanza, panya walikuwa wametafuna nyaya za chini. Tukaweka mpya zenye ganda la silikoni linalostahimili joto.

La pili, mota ya kuzungusha maji ilikuwa inanguruma bila kuzunguka. Kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, ilikuwa imevimba. Tulinunua nyingine yenye mikrofaradi zile zile zilizoandikwa kwenye ya zamani na volti 450. Kabla ya hapo mzee aliuzungusha mhimili kwa mkono, taratibu, akitia mafuta, mpaka ukalegea. Angewasha umeme mhimili ukiwa umekwama, koili za mota zingeungua.

La tatu, sili ya pampu, ile pete ya kaboni na kauri inayozuia maji yasiingie kwenye mota, ilikuwa imepasuka. Kila mtu alisema iagizwe Ulaya. Mzee alipima unene wa mhimili kwa kalipa, nikapanda gari mpaka Kampala, soko la Kisekka, kwenye wauza vipuri vya magari. Nilizunguka kutwa nzima na ile ya zamani nimeifunga kwenye leso. Saa kumi jioni kijana mmoja akafungua kopo la sili za pampu za maji, akatoa moja, ikaingia kama iliyozaliwa nayo. Nililia pale sokoni. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na furaha.

La nne ndilo lililonifundisha zaidi. Hita ilikuwa nzima kwa macho, lakini mzee alipoipima kwa mega, kifaa cha kupimia umeme unaovuja, ilionyesha umeme unavuja kwenda kwenye bati. Ndani ya bomba la hita mna unga mweupe unaouzunguka waya wa moto. Mashine ikikaa miaka bila kuwashwa, unga huo unanyonya unyevunyevu wa hewa kupitia ncha zake. Wengi wakiona breka inaanguka wanatupa hita. Sisi tuliitoa, tukaianika, kisha tukaiingiza kwenye tanuri la mwoka mikate jirani baada ya mikate kutoka, joto likiwa limepungua, usiku nne mfululizo. Kinga yake dhidi ya kuvuja ilianza chini ya megaohimu 1, ikapanda mpaka zaidi ya 20. Hita hiyo ndiyo inayofanya kazi mpaka leo.

Miezi ya kusugua kutu na kuloweka mikono ya kurushia maji kwenye siki siisimulii. Ni kusugua tu. Tundu ndogo za mikono hiyo zizibue moja moja kwa sindano.

Nilidhani nimemaliza. Dada wa Arua, hapa ndipo unisikilize. Mashine ilikuwa tayari, nyumba haikuwa tayari.

Tuliifunga jikoni siku ya Ijumaa. Nilikuwa nimemwalika mama mkwe, na wifi alikuja bila kualikwa. Nikawasha. Ikanguruma, maji yakaanza kuingia kama machozi. Dakika 20 zikapita, hakuna kitu. Tangi langu liko juu ya mnara wa mita 4. Kila mita 10 za kimo hutoa msukumo wa maji wa takriban bar 1, kwa hiyo kwenye valvu mimi nilikuwa na kama 0.35 tu, na kitabu cha 1984 kinataka angalau bar 1. Lilikuwa limeandikwa ukurasa wa mbele kabisa, nami nilikuwa nimekisoma kitabu chote nikitafuta habari za hita. Tukaongeza pampu ndogo ya kusukuma maji, ya nusu farasi.

Jumamosi maji yakaingia kwa nguvu, lakini hayakujaa. Yaliingia, yakaingia, na mita ya maji ya National Water inazunguka. Siku mbili tukabadilisha valvu, tukachunguza boya la usalama, tukalaumu taima. Kumbe mpira wa maji machafu tuliupitisha tundu la ukutani chini kabisa, ukaangukia mferejini nje, kama tunavyofanya na sinki. Mpira ukiwa chini hivyo, maji yakishaanza kutoka yanavutana yenyewe bila pampu. Kilichoingia kilikuwa kinatoka. Dawa yake haikugharimu hata shilingi: mpira upande kwanza mpaka usawa wa meza ya jiko, ufungwe hapo kwa kamba imara, ndipo ushuke, na mdomo wake usizame kwenye maji, upate hewa. Kipande cha kamba ya katani, na mimi nimekesha siku mbili.

Halafu umeme. Kibati kwenye ukingo wa mlango kinasema 220 V, 3,300 W. Hiyo ni ampea 15. Umeme wetu Uganda ni volti 240, na hita iliyotengenezewa 220 ukiipa 240 inapanda mpaka karibu wati 3,900, yaani zaidi ya ampea 16. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ya ampea 13. Niliposikia harufu ya plastiki nilizima. Plagi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia. Kijana mmoja fundi umeme akataka aweke kipande cha waya mahali pa fyuzi "ili isikusumbue." Nilimtoa jikoni kwangu. Nina watoto wanaolala chumba cha pili. Fundi mwenye leseni alikuja akavuta laini ya peke yake kutoka kwenye bodi: waya wa milimita mraba 4, breka ya ampea 20, kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30, na waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, uliopimwa, si wa kudhaniwa. Mashine ya bati, yenye maji ndani, bila ethi, ni jeneza. Nasema hivyo kwa uzito wote.

Ona sasa ninavyoosha. Yaka, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, inapungua kama uniti 2 kwa mzunguko wa moto. Maji niliyapima kwa kuelekeza mpira kwenye jerikeni: karibu lita 40, yaani mbili. Mashine mpya zinatumia pungufu ya hapo, sikatai. Lakini yangu ina taima ya kuzunguka kwa meno, na umeme ukikatika katikati, ukirudi inaendelea pale pale ilipoachia.

Posho iliyokauka ikwangue kwanza, mashine haikwangui, inakwenda kuziba chujio. Sufuria zetu za alumini usiziingize, dawa ya mashine ni kali, itazigeuza nyeusi. Nilipoteza sufuria mbili nzuri hivyo. Mwiko wa mti nao uoshe kwa mkono. Sabuni ya maji ya kawaida au ya kufulia usitie hata tone, povu litatoka mlangoni mpaka sebuleni. Tafuta poda ya mashine ya vyombo, Kampala iko kwenye maduka makubwa. Kuhusu chumvi, ile inayotiwa ndani ya mashine ili kulainisha maji: maji ya bomba hapa Jinja yanatoka Ziwa Nyanza, ni laini, natia chumvi mara chache. Wewe wa Arua kama unatumia kisima kirefu, tazama ndani ya birika lako. Ukiona ukoko mweupe, chumvi ni lazima, iwe ya mawe na safi, isiwe ya mezani yenye madini joto. Na tafadhali isiwe ya Ziwa Katwe, ile ina mchanganyiko mwingi.

Dada zangu, nimewahi kuambiwa kwamba ninajikweza. Mtu akinunua simu ya milioni hakuna anayemwuliza. Mwanamke akitafuta kuponya mikono yake, mtaa mzima una maoni. Wale wanaocheka hawataamka usiku kukufungia vitambaa. Pimeni. Pimeni maji, pimeni umeme, pimeni kimo cha mpira, na mpimeni fundi naye. Asiyekuja na mita mpeni chai aende zake. Sikuwa na elimu ya ufundi, niliishia darasa la saba, na niliweza kwa sababu nilikaa karibu na mtu anayepima, nikauliza kila alichokigusa.

Idd iliyopita tulikula watu 34. Biriani, mchuzi wa mbuzi, glasi za juisi. Saa tatu usiku nilijaza mara ya tatu. Wifi alisimama mlangoni mwa jiko muda mrefu akiisikiliza. Hakusema neno. Baadaye akaniletea vikombe vilivyobaki sebuleni, akaviweka mezani, akaondoka.

Kwa hiyo dada, leo jioni fungua mlango wa mashine yako, ufute vumbi kwenye ukingo, utafute kibati. Niandikie volti, wati, na bar iliyoandikwa kitabuni kama kitabu kipo. Kisha pima kimo cha tangi lenu kwa kamba. Usiiwashe. Na yule mtu wa kilo akirudi, mwambie mwenye mashine bado hajarudi safari.