Maana ya "New Year's Day" wa U2

Mdogo wangu wa Masasi, nimekuelewa: wimbo huu wa U2, bendi ya Ireland, unaimba mwaka mpya, halafu unasema siku hiyo hakuna kinachobadilika, nawe wataka kuutafsiri uusome kwenye mahafali. Je, ni wa kukata tamaa?

Mimi naona hapana. Usikimbilie kamusi, anza na wakati wake. Ulitoka 1983, na nyuma yake kuna Mshikamano, vuguvugu la wafanyakazi wa Poland lililobanwa na utawala wa kijeshi tangu Desemba 1981. Ukijua hilo, ule weupe na ukimya unaoimbwa mwanzoni mwa wimbo haubaki kuwa hali ya hewa tu.

Kisha usikilize kama tunavyosikiliza nyimbo za unyago huku kwetu: neno jepesi, fumbo zito, hadi kungwi akufungulie. Mimi niliandika mistari daftarini, nikapigia wino mwekundu kila palipo na ahadi ya kukutana tena. Ukurasa ulijaa wekundu! Tarehe haileti jipya, wanaosubiriana ndio wanaolileta.

Tafsiri yako mwonyeshe mwalimu wa Kiingereza. Ukitaka kuirekodi, waulize kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kuhusu ruhusa.