Mume aliyeniacha amefariki, jina langu limo kwenye bima yake

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Naishi Mombasa. Mume wangu alinipa talaka miaka miwili iliyopita, eda ikaisha, akaoa mke mwengine. Amefariki mwezi uliopita. Wazazi wake walitangulia. Ameacha mjane na watoto wetu wawili, wa kiume na wa kike. Bima yake ya maisha, aliyoilipia kwa makato ya mshahara, bado ina jina langu, kwani alijaza fomu alipoajiriwa. Amechangia shilingi 600,000 na kampuni italipa 1,500,000. Ndugu zake wanataka nizitoe niwakabidhi, eti mtalaka hana haki. Ustadhi mmoja ameniambia ni zangu zote. Nauza mahamri, na ada za shule zimenishinda.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, akupe subira wewe na wanao. Kwamba eda imekwisha na wewe si mrithi, hilo unalijua. Kilichonishughulisha ni maneno ya huyo ustadhi, maana siku hizi nayasikia hata matangani, na yanakula mali ya mayatima.

Anayesema hivyo hudai kuwa jina kwenye fomu ni hiba, yaani zawadi. Hiba gani? Hiba hutimia kwa kukabidhi, mtoaji akiwa hai. Marehemu hakukukabidhi hata senti, na angeweza kulifuta jina lako siku yoyote usiwe na la kusema. Kinachosubiri kifo cha mwenyewe ni wasia, na wasia Mtume (s.a.w.) aliuwekea mpaka alipomwambia Saad bin Abi Waqqas: thuluthi, na thuluthi ni nyingi. Akigeuka aseme, "Basi ni wasia, na yeye si mrithi tena, unamfaa," namwambia wasia hauwi bila kusudio. Yule bwana aliandika jina la mkewe alipoulizwa nani apokee, basi. Ukipata maandishi au mashahidi kwamba hata baada ya kukuacha alitaka ikufikie wewe, hapo tutazungumza habari ya thuluthi. Bila hayo, wewe unawapokelea warithi, na pesa ni amana mkononi mwako. Lau hoja yake ingesimama, mtu angemnyima mkewe thumuni yake, sehemu moja ya nane, na binti yake fungu lake kwa kujaza karatasi moja ofisini, na aya za Suratun-Nisaa zikabaki za kusomwa tu.

Hao ndugu wa marehemu nao wamekosea vibaya. Mtoto wa kiume akiwepo, ndugu harithi. Hawana chochote humo. Mjane ana thumuni, kilichobaki ni cha wanao, mvulana mafungu mawili na msichana moja. Talaka imekata ndoa yenu, haikukata nasaba. Usiwakabidhi.

Ama bima yenyewe ya kibiashara, Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu iliiharamisha mwaka 1985 kule Jeddah kwa sababu ya gharar, yaani mkataba wa kubahatisha usiojulikana mwisho wake. Sheikh Mustafa Zarqa aliiruhusu, nami siioni rai yake kuwa na nguvu. Kwa hiyo 600,000 alizochangia zinaingia katika mirathi. Zile 900,000 zilizozidi hazirithiwi, hupewa mafukara. Lakini sikiliza, binti yangu: Imam Nawawi amenukuu kwa Ghazali kwamba mwenye mali ya namna hii, watu wake wakiwa mafukara, wao ndio wa mwanzo kupewa. Wanao wakiwa hawana cha kutosha kwa chakula na ada, wapewe kwa kadiri ya haja yao, nawe vilevile. Hiyo si hila.

Kuna jambo hukulitaja. Mahari yako ulilipwa yote? Wanawake wengi wa huku pwani huachwa mahari yakiwa nusu, wakaona haya kuyadai. Yakiwa yamebaki, ni deni, na deni hulipwa kabla ya mrithi yeyote kushika fungu lake. Nafaka ya eda, yaani matumizi yako ya wakati wa eda, vilevile, kama hukupewa. Dai bila haya, Mtume (s.a.w.) amesema roho ya muumini imefungika kwa deni lake mpaka alipiwe, kwa hiyo kudai kwako ni kumsaidia marehemu.

Nenda kwa Kadhi kabla ya kwenda kwenye kampuni. Chukua cheti cha ndoa, maana mahari yameandikwa humo, cheti cha talaka na vya kuzaliwa vya watoto. Mweleze kuwa wanaishi nawe, umwombe ateue msimamizi wa mali yao, ikiwezekana uwe wewe. Na yule mjane mpigie simu mwende pamoja. Ana haki yake humo, na huenda mashemeji hao hao wameshamwendea.