Kuchora vibonzo vya vijana ukiwa kwia: ugali unatoka wapi?

Dada, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama binti wa kaka yako, anayemaliza sekondari huko Minnesota, ataweza kujikimu kwa kuchora vibonzo vya vijana. Pili, kama kusema wazi kwamba anapenda wasichana wenzake, yaani ni kwia, kutamfungia milango. Mimi si mwandishi mwenye jina. Natia rangi na kuandika herufi kwenye vitabu vya wenzangu huku Marekani, ila mikataba yao naijua kwa sababu ujira wangu unatoka humohumo.

Nianze na la pili, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Kusema wazi hakutamzuia kupata mkataba. Kuuza ndiko kwenye kazi.

Mtazame mchora vibonzo Tillie Walden, mzaliwa wa 1996 aliyekulia Texas. Alisomea vibonzo katika Center for Cartoon Studies, chuo kidogo kilichopo White River Junction, Vermont. Mwaka 2017 akatoa Spinning, kisa cha utoto wake kwenye mchezo wa kuteleza barafuni na jinsi alivyokuja kusema kwamba anapenda wasichana. Mwaka uliofuata kikampa Eisner, tuzo kubwa ya vibonzo Marekani. On a Sunbeam, hadithi ya anga za juu yenye kurasa zaidi ya 500, aliitoa kwanza bure mtandaoni, sura baada ya sura, ndipo wachapishaji First Second wakaichapisha 2018. Mapenzi ya wasichana wawili yamo tangu mwanzo, hayakufichwa popote. Lakini tazama anavyokula: amechora Clementine, vitabu vya vijana vilivyotokana na The Walking Dead, hadithi maarufu ya mazombi ambayo si mali yake, amewachorea wanamuziki mapacha Tegan na Sara kitabu cha utoto wao, na amefundisha chuoni palepale aliposoma. Huyo ni bingwa, Vermont walimpa cheo cha mchora katuni wa jimbo mwaka 2023, na bado anachanganya vibarua. Binti aanze akijua hivyo.

Sasa hesabu. Mchapishaji hutoa malipo ya awali kwa mafungu: ukisaini, ukikabidhi kazi, kitabu kikitoka. Tuseme ni dola 30,000. Wakala anachukua asilimia 15, unabaki na 25,500, na kodi bado. Ikiwa kitabu cha kurasa 250 kitakula miaka miwili, ndiyo dola 12,750 kwa mwaka. Mirabaha, yaani fungu lako la mauzo, haiji mpaka mauzo yafidie yale malipo ya awali, na vipo vitabu vizuri tu ambavyo havifiki hapo kamwe.

Na mimi nalipwa kutoka kwenye fungu hilohilo. Kazi yangu ya kila siku ni kujaza rangi za msingi. Chukua ukurasa wenye darasa la wanafunzi ishirini: kila kola, kila kichwa cha nywele, kila mguu wa dawati unajazwa rangi yake peke yake bila kuacha mwanya, ili msanii akitaka kugeuza shati la mmoja liwe la kijani abonyeze mara moja tu. Akikosa hela ya kunilipa, anakesha mwenyewe. Viganja vinaumia, dada, wala sikutanii. Ajifunze mapema kupumzisha mkono.

Rudi kwenye kuuza. Vibonzo vya vijana vinategemea sana maktaba, za shule na za umma, na mwandishi huingiza kipato cha pembeni kwa kualikwa shuleni kuzungumza. Hapo ndipo anapobanwa. Gender Queer, kisa cha vibonzo cha Maia Kobabe kuhusu jinsia yake mwenyewe, ilitoka 2019, ikapata tuzo ya Alex ya chama cha maktaba cha Marekani mwaka 2020, kisha ikaongoza orodha ya chama hichohicho ya vitabu ambavyo watu walitaka zaidi viondolewe maktabani, miaka mitatu mfululizo: 2021, 2022 na 2023. Wapo wanaosema kupigwa marufuku ni tangazo la bure. Kwa kitabu kinachojulikana, labda. Kwa mgeni hakuna hata kelele: mkutubi anaogopa, haagizi, basi. Msanii mmoja niliyemtilia rangi alialikwa shule fulani, tarehe ikapangwa, kisha ikaja barua pepe ya mistari miwili kwamba ratiba imejaa. Yale malipo alikuwa ameshayapigia hesabu ya kodi ya nyumba.

Kwa hiyo asitegemee maktaba peke yake. Awe na wasomaji wake mtandaoni kabla ya mchapishaji. ND Stevenson alianza Nimona 2012 kama vibonzo vya mtandaoni akiwa bado chuoni Baltimore, wachapishaji HarperCollins wakaitoa 2015, ikaingia fainali ya National Book Award, tuzo kubwa ya vitabu Marekani. Filamu yake ilikufa 2021 studio ilipofungwa, ikafufuliwa Netflix 2023. Kwa sababu hiyo haki za filamu asizigawe kwenye mkataba wa kwanza bila wakala kuzisoma, hata kama leo zinaonekana ndoto.

Kuuza nyumbani, Dar au Mombasa, nisingemshauri kwa jina lake halisi. Sheria unazijua, na ndugu pia unawajua.

Shule asiache. Kama ana kisa kifupi alichokimaliza, hata cha kurasa nane, nitumie kwa ujumbe wa faragha nikuambie ninavyokiona. Kilichomalizika, tafadhali, si mwanzo wa kitabu cha kurasa mia tatu.